Fungua Mdomo, Usitoe Sauti

Nilipokuwa darasa la sita, siku mbili kabla ya mashindano ya muziki ya shule za wilaya, mwalimu wa kwaya alinivuta kando akaniambia kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya: "Wewe utasimama mstari wa nyuma. Fungua mdomo, usitoe sauti." Nilitii. Nilifungua mdomo vizuri kuliko mtoto yeyote wa wilaya ile. Tulishika nafasi ya pili, na kwenye karatasi ya mwamuzi kuliandikwa: "Jaribio zuri. Midomo inafunguka vyema." Hiyo ndiyo sifa pekee ya muziki niliyowahi kupewa, na nilipewa kwa kunyamaza.

Nasimulia hili mapema ili ujue ni mtu wa aina gani aliyekabidhiwa kazi ya kuleta amani kati ya mataifa kwa njia ya wimbo, akiwa kwenye chumba cha watu sita Manfuha, kusini mwa Riyadh.

Muziki nilijifundisha mwenyewe baada ya aibu ile. Nilipata kijitabu cha noti kilichokosa kurasa nane za mwanzo, kwa hiyo najua kila kitu kuanzia ukurasa wa tisa. Nilichora vibao vya kinanda kwenye kadibodi nikavipiga kimya kwa miaka miwili. Baadaye nikapata simu yenye programu ya kuhariri sauti, na hapo ugonjwa wangu ukapata hospitali. Ninaweza kusikiliza sekunde tatu za wimbo kwa saa nzima nikitafuta kosa, na nisipolipata ninashuku masikio yangu.

Kazi yangu Riyadh ni ulinzi. Nasimama mlangoni pa duka la samani kuanzia asubuhi. Mlango wenyewe hujifungua mtu akikaribia. Mimi nipo ili usijione mpweke.

Mambo yalianza kwa mpira. Ijumaa moja Wakenya tulicheza na Waganda kwenye kiwanja cha vumbi, ikatokea penalti, na penalti ikazaa ngumi. Jioni ile mwenyekiti wa kikundi chetu alituita. Ni dereva wa makamo, mtu wa suruali yenye mstari wa pasi, anayemwendesha bosi mmoja wa kuandaa sherehe. Alisimama katikati ya vitanda vyetu kama yuko bungeni.

"Vijana, mpira umetugawanya. Muziki utatuunganisha. Nimeongea na bosi. Siku ya Tamaduni kutakuwa na skrini kubwa kwenye bustani. Tukimpa wimbo wa amani, wa video, dakika nne, atauonyesha. Amesema yalla, twendeni."

"Nani atautengeneza?" mtu akauliza.

Wote wakanigeukia. Nilijifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Kamati ya amani ilivunjika mara mbili kabla ya ubeti wa kwanza. Mara ya kwanza ilikuwa kuhusu kabila gani litangulie kwenye kiitikio; mara ya pili ilikuwa kuhusu nani alisababisha ya kwanza. Mganda mmoja mwenye sauti nzuri ya tena, ile ya juu ya wanaume, alikubali kujiunga kwa sharti. "Nitaimba amani," alisema, "lakini iandikwe kwamba ile haikuwa penalti." Mwenyekiti aliandika. Ipo hadi leo kwenye kumbukumbu za mkutano, kati ya sala ya kufungua na mengineyo.

Kwa ajili ya lugha tulimwalika mpishi Mzanzibari anayekaa chumba cha pili. Alisoma maneno yangu mara mbili, akavua miwani.

"Bwana mdogo, haya umetunga mwenyewe au umeandikisha kituo cha polisi?"

"Nimetunga mwenyewe, mzee."

"'Tunahimiza mataifa yote yaishi kwa utulivu bila kubughudhiana.' Hili ni tangazo la kufunga barabara. Wimbo unataka kitu cha kushika." Akachukua kalamu, akafuta yote, akaandika: *Nipe mkono, nikupe kikombe, chai haijapoa.* Nilimchukia siku tatu. Ya nne niligundua kwamba naimba maneno yake mlangoni pa duka.

Ni mpishi huyohuyo aliyesema kwamba wimbo wa amani usio na wanawake ni mkutano wa chama tu. Lakini wanawake wetu wanaishi kwenye nyumba za waajiri, na Ijumaa yao haifanani na yetu. Basi tukatumia simu. Mimi nilirekodi sauti ya kuongoza, nikawatumia. Kila mmoja aliimba sehemu yake pale alipoweza, jikoni, bafuni, stoo, akanitumia, kisha mimi nikaziunganisha. Saba walijitokeza. Sita walikuwa Riyadh. Wa saba alikuwa Jeddah, kwenye nyumba ya ghorofa mtaa wa Al-Hamra, na aliimba alto, ile sauti ya pili.

Sijawahi kuonana naye. Jeddah yenyewe sijafika. Naijua kwa masikio, kupitia kwake. Alirekodi juu ya paa, kwenye chumba cha kufulia, ile saa ya baada ya chakula cha mchana nyumba nzima inapolala. Ujumbe wake wa kwanza haukuwa na wimbo.

"Mwalimu," alisema. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. "Mimi sina haja ya kuonekana na watu wa Riyadh. Nina msichana wangu Bungoma, ako gredi ya kwanza. Nilimwacha na miaka mitatu. Nyanya yake ana kasimu ka tochi, na nikipiga mtandao unakatakata, mtoto anasema huyo si mama. Shuleni wanamcheka ati hana mama, ana picha tu. Sasa nimeongea na mwalimu wake. Huo wimbo ukikamilika, ataucheza kwa simu yake darasa lote wasikie. Kwa hivyo nauliza kitu kimoja. Nitasikika?"

"Utasikika, dada."

"Niapie."

"Wallahi," nikasema, mimi mtoto wa mzee wa kanisa.

Rekodi yake ya kwanza ilikuja kesho yake. Nilivaa hedifoni, nikasikiliza, kisha nikamwandikia kama mwamuzi wa mashindano: "Jaribio zuri. Kiyoyozi kinasikika. Rudia." Ya pili: "Pumzi imeboreka. Mashine ya kufulia inazunguka, na haiko kwenye ufunguo wa wimbo wetu. Rudia." Ya tatu kulikuwa na mtoto.

"Ni mvulana wa madam," alinieleza. "Ana miaka minne, mchana halali. Ananifuata huku juu kama mkia. Nikimfungia nje analia, akilia madam anaamka, madam akiamka halas, hakuna wimbo."

"Huwezi kumwambia anyamaze dakika nne tu?"

Alicheka hadi mashine ikanyamaza. "Mwalimu, wewe una mtoto?"

"Sina."

"Inasikika."

Sikuchekeshwa. Nilimwandikia arudie. Nakiri kwa hiari yangu: aliimba mara kumi na moja. Mwanamke aliyekuwa ameamka kabla ya alfajiri, ambaye saa ile moja ndiyo angeweza kunyoosha mgongo, alisimama kati ya mashuka yaliyolowa akiimba kuhusu chai isiyopoa, kwa sababu kijana mmoja wa Manfuha hakupenda sauti ya nyuma. Hakulalamika hata mara moja. Kila rekodi ilimalizikia na neno lilelile: "Hapo nimesikika?"

Programu yangu ina kitufe cha kuondoa kelele. Nilikibonyeza juu ya rekodi yake ya kumi na moja. Kiyoyozi kikaondoka, mashine ikaondoka. Mtoto hakuondoka, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imeshikana na ya mama huyu. Nilipomng'oa kwa nguvu, alitoka nayo. Kilichobaki kilikuwa kama mbu ndani ya sufuria. Nilihangaika siku mbili. Mwishowe nilichukua alto ya dada mmoja wa Riyadh, ambaye bafu lake lina mwangwi mzuri, nikaizidisha mara mbili, na ile ya Al-Hamra nikaishusha taratibu kwa kidole mpaka sufuri.

Picha yake ya video niliiacha. Alikuwa ameegemeza simu kwenye ndoo ya sabuni: kitambaa cha buluu, macho kwenye lenzi, mdomo ukifunguka vizuri kwenye kila irabu, kama nilivyomfundisha. Nilijiambia kwamba katika kwaya mwimbaji wa alto mwenyewe hajui sauti yake inaishia wapi. Nilijiambia nitamweleza. Ningependa kusema kwamba nilimkumbuka mwalimu wangu wa darasa la sita. Sikumkumbuka. Nilikuwa nimeshughulika na sekunde ya arobaini na moja, ambapo yule Mganda wetu wa tena alikuwa amevuta pumzi kwa kelele.

Siku ya Tamaduni tulikwenda bustanini tukiwa tumevaa sare mpya ya kitenge, ambayo nayo ilikaribia kuvunja kamati mara ya tatu. Familia zilikuwa zimetandika mazulia kwenye nyasi, watu wananunua chai na mahindi ya kuchoma. Jua lilikuwa linazama tulipoitwa. Wimbo ukaanza. Ulikuwa msafi kama sahani ya hoteli. Zilipita sekunde sita, nikahesabu, na adhana ya magharibi ikaanza. Mtu wa mitambo alizima sauti, kama inavyopasa. Picha hakuizima.

Basi kwa dakika nne, kwenye skrini ndefu kuliko nyumba, madereva, walinzi, mpishi na wadada saba walifungua midomo na kuifunga, wakubwa na wenye furaha, mbele ya bustani iliyokuwa ikienda kuswali. Sala ilipokwisha na sauti kurudi, skrini ilikuwa imeshahamia kwenye tangazo la kahawa.

"Lakini wameona!" mwenyekiti alisema, akitupitia kwa macho kama anatafuta msaliti. "Amani huonekana kwanza, kusikika ni baadaye."

"Hata bila sauti," Mganda akasema, "haikuwa penalti."

Bosi wa mwenyekiti alikuja akatusalimu kwa mkono. Alisema jamil, mashaallah, akauliza kama mwaka ujao tunaweza kuongeza ngoma na mtu wa kuruka juu. Mimi nilijifariji kwa jambo moja. Bungoma hakuna mtu wa mitambo. Darasani watausikia wote, na ni msafi.

Jumatatu nilikuwa mlangoni pa duka simu ilipotikisika mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa yule mwalimu wa Bungoma, uliopitia Al-Hamra. Nikaegemea ukuta, nikaweka sikioni. Nilisikia madawati, nikasikia wimbo wangu ukicheza hadi mwisho, kisha mwalimu akauliza, "Haya, umemwona mama?"

"Nimemwona," mtoto wa kike akajibu. "Lakini hajaongea. Amefungua mdomo tu."

"Si tulikwambia ni picha!" mwingine akapiga kelele, na darasa likacheka, na mwalimu akasema shhh, na rekodi ikakatika.

Chini yake mama aliandika mstari mmoja: "Mwalimu, mimi niko dakika gani?"

Nilikuwa nimesimama karibu mno na mlango. Ulifunguka ukafungwa, ukafunguka ukafungwa. Meneja alitokeza kichwa kati ya makabati. "Mafi mushkila?" Yaani, hakuna shida?

"Mafi," nikasema. Ulikuwa uongo wa pili kwa ukubwa kati ya wote niliosema mwaka ule.

Nilimpigia wakati wa mapumziko, saa anapokuwa paani. Nilikuwa nimeandika maelezo marefu yenye neno "kiufundi" mara nne. Alipopokea nikasema tu, "Haupo, dada. Nilikuzima."

Mashine ilizunguka kwa muda.

"Mara kumi na moja nimeimba."

"Ndiyo."

"Ukanizima kwa nini?"

"Yule mtoto alikuwa anaingilia."

"Mtoto alikuwa anaimba, mwalimu. Wewe hukusikiliza?"

Sikuwa nimesikiliza. Nilikuwa nimezipekua rekodi zake kama mtu anayetafuta chawa kwenye shati. Huwezi kumuuliza huyo shati lilikuwa la rangi gani.

Nilikwenda stoo, nikakaa kati ya magodoro yaliyofungwa plastiki, nikazicheza zote kwa mpangilio bila kugusa kitufe. Kwenye ya kwanza mtoto anagonga mlango na kulia. Kwenye ya tatu yuko ndani, ananguruma kama feni. Ya tano anadaka neno la mwisho la kila mstari: *kikombe*, *haijapoa*. Ya nane ana kiitikio kizima, Kiswahili chenye lafudhi ya Bungoma tupu, kwa kuwa hana mwingine wa kumwiga. Ya kumi na moja mama anaimba alto yake kama nilivyoelekeza, na yule mtoto, ambaye hakuna aliyempa karatasi ya maneno, ameshika sauti ya kwanza, ile aliyoisikia kwenye simu nilipokuwa nawaongoza. Kati ya mstari na mstari unamsikia mama akimwambia kwa sauti ya chini, "Ngoja... ngoja... sasa." Na anaingia pale pale. Mganda wetu hajawahi kuingia pale pale.

Kamati yetu ilikuwa na katiba, sare na mshauri wa lugha. Mtoto wa Kisaudi anayeimba Kiswahili nilikuwa naye kwenye simu wiki nne, nikamtoa kwa kuwa anachafua wimbo wa kuunganisha tamaduni.

Nilimpigia tena nikamwambia nitasafisha rekodi ya tisa, ambayo mtoto yuko mbali kidogo, niitume usiku huohuo. Alinikatiza.

"Tuma ya kumi na moja. Na kazi ya kufua ni yangu, mwalimu. Hii usifue."

"Madam hatakasirika mtoto wake akisikika?"

"Madam anamsikia kila siku akiimba bafuni. Aliniuliza ni wimbo wa nini, nikamwambia ni wa amani. Akasema tayyib, sawa, lakini amani iwe chini kidogo, baba amelala."

Niliituma kama ilivyo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kutoa kitu mikononi mwangu kikiwa na uchafu wake.

Jibu la Bungoma lilikuja baada ya siku mbili. Kwanza mashine ya kufulia, na mtoto fulani anauliza kama hiyo ni trekta. Kisha sauti ya mama. Wimbo ulifika katikati ndipo yule msichana akasema, bila kupaza, kama mtu anayetambua kikombe cha kwao, "Ni yeye." Hakuna aliyecheka. Halafu: "Na huyo mtoto ni wa nani? Mbona anaimba na mama yangu?"

Mama aliniuliza mimi. "Nimwambie nini?" Nilifungua ile karatasi niliyokuwa nikiandikia maoni yangu ya kimwamuzi juu ya rekodi, nikatazama nafasi ya maoni, nikaifunga.

Alijijibu mwenyewe. Alimwambia binti yake kwamba huyo ndiye mtoto anayemlea kule kazini, kwamba hana mtu wa kuimba naye, na kwamba ameshikilia nafasi ya mwenyewe, yeye binti, mpaka mama arudi. Msichana aliyapokea maneno hayo kwa namna yake. Siku iliyofuata alikwenda kwa mwalimu, akadai simu, akaimba sehemu yote ya yule mtoto peke yake, kwa kasi, kwa hasira, ili ijulikane mwenye nafasi ni nani. Nyuma yake jogoo aliwika mara mbili. Mwishoni alisema: "Sasa mtoeni huyo mwingine."

Mama alinitumia ile rekodi na maagizo. "Usimtoe. Mweke msichana wangu juu yake, wote watatu tuwe pamoja. Na huyo jogoo usimguse."

Nilikaa nayo Ijumaa nzima, kitandani Manfuha, mpishi akipika nje ya mlango na kuitikia bila kualikwa. Msichana alikuwa mbele ya mapigo kwa nusu hatua. Mtoto wa Al-Hamra alikuwa sawasawa. Mashine ilikuwa kwenye ufunguo wake. Kwa kumheshimu mwenye nafasi nilimpandisha msichana, nikamshusha mvulana kidogo, basi. Nikatuma pande zote mbili.

Mama alisema mvulana amelazimisha uchezwe mara tano, na kila jogoo akiwika anaangua kicheko mpaka anakaa chini. Kutoka Bungoma kulikuja kimya cha siku tatu, ambazo nilizitumia kusahihisha wimbo ambao nilikuwa nimeshautuma. Ya nne simu ikatikisika mlangoni pa duka. Ilikuwa sauti ya msichana, kavu, ya mtu aliyesikiliza kwa makini na ana malalamiko.

"Mwambieni huyo mtoto atoe sauti. Mimi simsikii."